Ganda la chungwa kwenye Premio nyeusi: shajara ya kiangazi kimoja, Lubumbashi

Jumamosi, tarehe 7 mwezi wa 6

Leo nimeanza. Gari ni Toyota Premio nyeusi ya 2011, iliyotoka Japani, ikashushwa Dar es Salaam, ikapita Zambia na kuingilia mpaka wa Kasumbalesa kama ndugu zake wote wenye usukani wa kulia waliojaa mjini hapa. Injini haina neno. Rangi nayo haijapauka wala haina kutu. Kinachoniudhi ni kitu kimoja tu, ambacho mama watoto anaapa hakioni. Simama ubavuni mwa gari jua likielekea kuzama, tazama waya wa umeme unavyojionyesha mlangoni. Waya haujanyooka. Unatetemeka na kukatikakatika kama kitu kinachoonekana ndani ya karai la maji lililoguswa. Uso wa rangi una vilima na mabonde madogo madogo, sawasawa na ganda la chungwa. Mafundi wa karosri, yaani wa mwili wa gari, hapa huiita kwa Kifaransa, peau d'orange, na wakiitaja mara nyingi wanamsema fundi mwenzao aliyeharibu kazi.

Hii yangu hakuna wa kumsema. Imetoka nayo kiwandani. Huko verni, lile tabaka la mwisho lisilo na rangi, hurushwa na roboti zenye vikombe vinavyozunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na matone hutiwa umeme ili yavutwe na mwili wa gari. Tone likishatua lazima litandazike na kuungana na jirani yake kabla halijashikana. Juu ya paa lina nafasi ya kutulia. Mlangoni, bati limesimama wima: ukiweka verni nyingi inatiririka, ukiweka kidogo haitandaziki vizuri. Wanaweka kidogo. Ndiyo maana kapo yangu (wengine mnasema boneti) inapendeza na milango inaniudhi. Na hakuna kiwanda cha magari ya watu wa kawaida kitakachoweka mtu akae na msasa siku nne juu ya Premio.

Asubuhi nilimwonyesha papa mmoja, yaani mzee, mwenye garaji ya karosri, mtaa wa pili kutoka kwetu hapa Katuba. Akapitisha kiganja, akacheka. "Ile njo rangi ya izine (kiwanda), mutoto yangu. Haiguswe. Ukisha kuitosha (kuitoa), nani atakurudishia?" Nikamweleza ninachotaka kufanya. Akasema sawa, nikimaliza kuharibu nimpelekee, atapaka upya kwa bei ya jirani. Sikukasirika. Swali lake nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hili.

Jumatatu, tarehe 9

Kipima unene wa rangi kimefika, shemeji amekibeba kutoka Dar. Kinatumia sumaku: kinapima umbali kati ya ncha yake na chuma kilicho chini ya rangi, kisha kinatoa jibu kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Juu ya plastiki hakisomi kitu. Bampa zote mbili nimezifuta kwenye mpango papo hapo. Sitakwangua kitu nisichoweza kukipima.

Nimepima sehemu tano kwa kila bati na kuchukua wastani, kwa sababu hata chenyewe hukosea mikroni mbili au tatu. Paa 121. Kapo 117. Kofri ya nyuma (buti) 116. Milango ya kulia 109 na 107, wa mbele kushoto 108. Mlango wa nyuma kushoto: 238. Nikadhani betri imeisha. Nikarudia: 244, 251, 240.

Kumbe mlango huo ulishapakwa upya kabla gari haijapanda meli. Japani wanaendesha kushoto, kwa hiyo ubavu wa kushoto ndio unaolala upande wa kuta na nguzo. Mtu aliukwaruza, fundi akautengeneza, na mimi nimekuwa nikijigamba kwa marafiki mwaka mzima kwamba gari yangu haijaguswa. Sasa nikiuangalia vizuri naona hata ganda lake si la wenzake. La milango mingine ni dogo na la kufanana kila mahali. La mlango huu ni kubwa, limelala kwa mawimbi mapana.

Ninapaswa kueleza namba hizi zina maana gani, maana ndizo zitaamua kila kitu. 108 inahesabu yote kuanzia bati: rangi ya kuzuia kutu ambamo mwili mzima wa gari huzamishwa, rangi ya kati, weusi wenyewe, halafu verni juu. Verni ya kiwandani peke yake huwa kama mikroni 40, pengine pungufu. Unywele wa kichwa kwa kawaida ni mnene kuliko hapo. Na kipima hakiniambii verni ni kiasi gani, kinanipa jumla tu, kama mtu anayekuuzia gunia na kukutajia uzito bila kusema ndani kuna mahindi kiasi gani na mawe kiasi gani.

Kwa hiyo nimejiwekea mpaka: kwenye bati za kiwandani sitatoa zaidi ya mikroni 8, pamoja na zitakazoliwa na polishi. Ganda likibaki, libaki.

Jumamosi, tarehe 14

Kuosha mara mbili, kisha kupitisha udongo laini wa kutolea uchafu ulioganda. Udongo ulitoka mwekundu. Hii ni Lubumbashi, hata mtu akioga anatoka hivyo. Nikapaka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe na kusugua kofri kwa nguvu: kitambaa hakikugeuka cheusi. Maana yake kuna verni juu ya rangi. Ingekuwa rangi ya tabaka moja, weusi ungetoka kwenye kitambaa na mradi huu ungekuwa mwingine kabisa.

Sehemu ya majaribio: sentimita 30 kwa 30, pembeni mwa kofri, imezungushiwa skochi ya karatasi (utepe wa gundi). Nilianza na msasa laini kuliko yote niliyonao, 3000, nikiuzungushia sponji. Dakika kumi. Nikafuta, nikapiga polishi kwa mkono, nikatazama: ganda lipo palepale, ila sasa linang'aa zaidi. Nilichekwa na mdogo wangu, aliyekuja kunisaidia kubeba maji. "Yaya (kaka mkubwa), umeipakaa mafuta?"

Kosa halikuwa msasa peke yake. Sponji ni laini, inapanda kilima na kushuka bondeni pamoja na rangi, inakwangua vyote sawa. Vilima vinatakiwa kukatwa huku mabonde yakiachwa, na kwa hilo unahitaji kitu kigumu nyuma ya msasa. Nikachukua kibao cha raba ngumu, msasa wa 2000 uliolala ndani ya maji tangu jana usiku, na tone la sabuni ya vyombo kwenye ndoo. Chembe za msasa wa 2000 zina ukubwa wa mikroni 10 hivi; za 1500 ni kama 12 na nusu. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke bajeti yangu yote ni 8.

Hapo ndipo nilipoona kinachotokea. Baada ya mikwaruzo michache ya moja kwa moja, bila kuzungusha mkono, futa maji: vilele vimekuwa vya kijivu, na mabonde yamebaki yanang'aa, nukta nyingi kama macho ya samaki. Endelea, macho yanafumba moja moja. Maji yanayotoka ni meupe kama maziwa, hiyo ni verni. Siku yakitoka meusi, mkono unasimama na mtu anakaa chini. Niliacha macho machache wazi, nikaenda kwenye 3000 na sponji ili kulainisha alama za 2000, nikamaliza na mashine na pate, ile dawa nzito ya kukata.

Kipima: kabla 116, baada 112. Ukiweka balbu juu yake unaona balbu, si ua.

Baridi ya mwezi wa sita haina huruma na mtu aliyezamisha mikono kwenye ndoo saa kumi na mbili asubuhi. Lakini saa hizo ndizo hazina upepo, na upepo ndio unaoleta vumbi.

Jumamosi na Jumapili, tarehe 21 na 22

Kapo. Niliigawa vipande sita kwa skochi, na kingo zote, pamoja na ule mkunjo wa katikati, nikazifunika. Verni hukimbia kingo inapokauka, kwa hiyo hapo ndipo penye kidogo zaidi, na ndipo kibao kigumu kinapoelemea. Atakayesahau skochi ataona chuma kabla hajamaliza kusema ole wangu.

Vipande vinne vilikwenda kama maji. Cha tano, sauti ikabadilika. Msasa ukiwa salama unalia kama mtu anayefagia mbali. Huu ukalia krr. Nikainua haraka. Mstari mmoja, urefu wa kidole, umezama kuliko mingine yote. Punje moja ya mchanga. Maji yalitoka kwenye foraji (kisima cha kuchimbwa) ya jirani, kwa sababu bomba la Regideso, shirika la maji, lilikuwa kavu tangu Alhamisi, na mimi nikaona yanang'aa nikayaamini. Kuutoa mstari ule wote kungekula mikroni ambazo sina. Nimeupunguza makali tu. Upo, na ninajua ulipo, na jua la saa nne linaujua pia.

Tangu hapo: maji yanachujwa kwa kitambaa kizito, yanalala usiku kwenye bidoni (dumu), na ndoo ni mbili, moja ya kusuuzia msasa na nyingine ya kuloweshea. Mdogo wangu analalamika kuwa gari inakunywa maji masafi kuliko watu wa nyumba.

Umeme ulikatika Jumamosi saa tatu asubuhi ukarudi usiku. Kagrupu ketu (jenereta ndogo) hakawezi kuivuta mashine: inawaka, inaguna, taa za nyumba zinafifia, basi. Nusu ya kapo ikalala usiku mzima ya kijivu kama ubao wa shule, na kila aliyepita kwenye uzio akanipa pole. Jumapili umeme ukakaa, nikamaliza kwa mashine: pedi ya sufu kwanza kwa mizunguko 1,300 kwa dakika, halafu ya sponji. Kiganja kikishindwa kutulia juu ya bati, mashine inazimwa. Sina kanuni nyingine ya joto na hiyo imenitosha.

Kapo kutoka 117 hadi 111.

Jumatatu, tarehe 30

Sikukuu ya Uhuru, umeme upo tangu alfajiri, hakuna kazi. Nikasema leo ni zamu ya mlango wa uongo.

Huu una 240. Fundi wa Japani aliweka verni kwa ukarimu, na verni ya garaji hukaushwa kwa joto la digrii 60 hivi, ilhali ya kiwandani hupikwa karibu na 140. Ni laini zaidi chini ya msasa. Baada ya wiki tatu za kuhesabu mikroni kama mjane anayehesabu senti, nilijikuta mbele ya sanduku lililo wazi. Nilianza na 1500. Nikafumba macho yote ya samaki, hata moja sikuliacha. 2000, 3000, sufu, sponji. Jioni waya wa umeme ulipita mlangoni umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Niliweza kusoma maandishi ya fulana yangu, yamegeuzwa.

Niliwaita wote waje kuona. 19 zimetoka, na zimebaki 220 na zaidi. Sijawahi kufurahia kazi ya mikono yangu namna hii.

Jumamosi, tarehe 12 mwezi wa 7

Nimekuwa kimya kwa sababu sikutaka kuandika haya.

Jumapili iliyopita niliosha gari nzima, nikaitoa barabarani, nikarudi nyuma hatua kumi. Ubavu wa kushoto una mlango mmoja na shimo moja. Mlango wa nyuma ni kioo cheusi kitupu. Wa mbele, uliobaki kama ulivyotoka kiwandani, unaonekana kama wa gari nyingine. Zamani wote wawili walikuwa na ganda, na jicho lilipita bila kugonga kitu. Sasa linagonga. Mtu yeyote wa soko la magari atasema bila kupima: mlango huu umepakwa. Na ni kweli umepakwa, lakini yule fundi wa Japani alijitahidi usijulikane, na ulikaa miaka haujulikani, mpaka nilipokuja mimi na msasa.

Nimefikiri sana kwa nini sikuliona siku ile. Nadhani ni umbali. Viwandani mawimbi ya rangi huyapima kwa makundi mawili: mafupi, ya milimita 0.3 hadi 1.2, ambayo jicho huyaona likiwa karibu, na marefu, ya milimita 1.2 hadi 12, ambayo huonekana ukiwa umesimama mita mbili tatu. Mimi siku nzima nilikuwa nimeegemeza pua mlangoni. Nilikuwa nikiufuta mlango, wala sikuitazama gari.

Kurudisha ganda haiwezekani, labda kwa kupaka upya, na hilo ndilo papa wa karosri analolisubiri. Njia iliyobaki ni kuwasogeza wengine waukaribie. Wa mbele kushoto una 108.

Ijumaa, tarehe 1 mwezi wa 8

Siku ya Wazazi. Asubuhi makaburini kwa babu na bibi, mchana kwa baba. Sikumwambia chochote kuhusu gari. Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye reli, macho yake yanaona kila kitu isipokuwa makosa ya wajukuu. Akazunguka gari mara moja, mikono nyuma, akasimama pale pale.

"Mwanangu, mlango huu uliununua wapi?"

Mdogo wangu alitoka nje kwenda kucheka. Nikamweleza baba kila kitu, na namba zote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kweli nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya hiyo. Nikasema ndiyo. Akasema basi tule.

Jumamosi, tarehe 9 mwezi wa 8

Mlango wa mbele kushoto. Nimebadilisha kifaa: badala ya kibao kigumu, raba ya kati, inayopinda kidogo. Haikati vilima vyote hadi chini, inavikata vichwa tu. Msasa 2000 peke yake, mikwaruzo kumi na miwili kwa kila eneo, naihesabu kwa sauti, kisha natoka nje ya uzio kwenda kutazama kutoka barabarani. Kumi na miwili tena. Kutazama tena. Kazi nyingi leo ilikuwa ya miguu.

Nilipofika mikroni 5 nilisimama kunywa chai na kubishana na nafsi. Kutoka barabarani milango miwili ilianza kusalimiana. Kwa karibu bado una macho mengi wazi, huenda thuluthi ya yale ya mwanzo. 108 imekuwa 103, na pate bado haijachukua chake. Nikaacha hapo. Mashine, sponji tu bila sufu: 101. Saba zimetoka.

Tofauti bado ipo. Anayejua ataiona. Lakini baba, nilipompelekea picha, alijibu: "Sasa ni mapacha wasiofanana sana." Kwa baba hiyo ni sifa.

Jumamosi, tarehe 30 mwezi wa 8

Milango ya kulia imekwisha kwa mtindo uleule, raba ya kati, 6 kwa 6. Ni wiki mbili na sina la kusema zaidi, kazi ikijulikana haina habari. Paa sitaligusa. Lilikuwa na afya tangu mwanzo na hakuna anayelitazama ila ndege wa mwembe.

Nilitaka kurudi kwenye mstari wa kapo, lakini upepo wa mwisho wa kiangazi umeanza, na watu wanachoma nyasi pembezoni mwa mji. Majivu yanaanguka kuanzia asubuhi. Nikiweka msasa sasa nitakuwa nasugua gari kwa mkaa. Nimepaka nta, tabaka mbili nyembamba, nimefunga ndoo.

Jana nilishuka mjini na kuegesha mahali ambapo bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba, linaonekana. Lilisimama ndani ya kapo wima, lote, kuanzia chini hadi juu, likivunjika mahali pamoja tu, penye mstari wa mchanga.

Jioni nilimpitia papa wa karosri. Akagonga milango yote minne kwa kidole, akaja kwenye ule wa nyuma kushoto, akatabasamu bila kusema. Akaniuliza zimebaki ngapi. Nikamtajia moja moja. Akasema, "Andika fasi (mahali). Yule atainunua kisha weye, naye ataona inang'aa, atasema anaongeza kidogo."

Nimeandika, kwa Kiswahili na Kifaransa, kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya kitabu cha gari: kapo imepunguzwa 6, imebaki 111. Kofri, kona ya kulia tu, 4, imebaki 112. Milango ya kulia, 6 na 6, imebaki 103 na 101. Wa mbele kushoto, 7, umebaki 101. Paa na bampa hazijaguswa. Mlango wa nyuma kushoto ulipakwa upya kabla yangu, umetoa 19, una nafasi bado. Usiuguse.